Nafasi Moja Pale kwa Profesa

4 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu, na kama kuna mgonjwa basi awe amepona kabla barua haijafika. Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio, cherehani imepata mkanda mpya, na sare za shule zimenijaa mpaka juu ya kitanda. Nalala na kola za watoto wa watu. Shemeji yako anakusalimu. Ameacha sigara, anasema. Mimi nanusa tu, sisemi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako siku hizi ina maradhi. Nikipiga, "Dada, mtandao mbaya," halafu kimya. Barua haina mtandao. Ikishafika imefika.

Sasa habari yenyewe. Kasuku wetu amemaliza! Stashahada ya ukutubi na habari, wa pili darasa zima, na huyo wa kwanza nina mashaka naye, maana nasikia mwalimu ni mtu wa kwao. Siku ya kuvaa joho nilipiga vigelegele mpaka askari wa mlangoni akaniomba nipunguze. Nikamwambia, "Wewe umezaa nini mpaka unipunguze?" Unamjua mwenyewe mtoto huyu: alianza kusema kabla ya kutembea, ndiyo maana tukamwita Kasuku, na likizo zake zote alizimalizia kwako, akikusukumia kile kitoroli cha vitabu. Wewe ndiye uliyemtia huo ugonjwa. Uguza basi.

Wiki hii ameona tangazo kwenye simu yake. Maktaba yenu inatafuta msaidizi wa maktaba, nafasi moja, ya kuanzia. Maktaba yenu, Profesa! Hapo ambapo hakuna rafu isiyokijua kiganja chako. Nilirukaruka, kisha nikaketi nikajiuliza: tangazo libandikwe kwenye mlango anaoingia ndugu yangu kila asubuhi, halafu mimi nisikie kwa mtoto? Umesahau, au umenyamaza? Kusahau nakusamehe.

Waambie wakubwa wenzako. Neno lako moja tu latosha.

Dada yako akupendaye,
Mama Kasuku

11 Machi

Dada mpendwa,

Barua yako niliipata. Nisamehe kwa kuchelewa. Hatujambo. Wifi yako alisumbuliwa na jino, limeng'olewa. Paa la uani lilivuja, nikapanda mwenyewe kuliziba Jumanne asubuhi. Mpe shemeji hongera ya sigara.

Mpwa wangu mpe pongezi zangu. Sikushangaa hata kidogo. Alipokuwa mdogo hafiki kwenye kaunta alimrekebisha mtu mzima aliyekuwa anarudisha kitabu cha ufugaji wa kuku kwenye rafu ya sheria.

Kuhusu nafasi hiyo. Dada, mambo ya maktaba si kama zamani, na tangazo umelisikia nusu. Wanataka stashahada, sawa, anayo. Wanataka mtu anayejua kuorodhesha vitabu kwa programu mpya ya kompyuta, si kwa kadi za droo tulizozoea. Wanataka uzoefu wa miaka miwili. Wanataka mtu anayeweza kukaa na kila aina ya msomaji: mtoto, mzee, mwenye hasira, asiyejua anatafuta nini. Wanataka wadhamini wawili. Mwisho kabisa wameandika awe na nguvu za kunyanyua maboksi. Waombaji ni wengi kuliko viti vya kungojea.

Mimi namshauri aombe kwingine. Vyuo vina maktaba, hospitali zina maktaba, hata mabenki siku hizi yanatafuta watu wa kutunza kumbukumbu. Neno langu hapa halina uzito unaoufikiria. Tusilisemee zaidi.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Wifi mpe pole ya jino. Huku sare zimepungua, sasa nashona mapazia. Shemeji yako nilimkuta nyuma ya choo na kiberiti mfukoni. Anasema ni cha mshumaa. Mshumaa wa mchana.

"Tusilisemee zaidi." Mimi! Uliniona lini nikiacha kusemea?

Nimeisoma barua yako kwa miwani na bila miwani. Miaka miwili ya uzoefu kwa nafasi ya kuanzia? Kwani mtoto azaliwe na meno ndiyo aruhusiwe kunyonya? Kompyuta? Kasuku anaandika huku anatazama dirishani. Watu wa kila aina? Huyu amelelewa kando ya cherehani yangu, amewapima viuno wanawake wanaoapa kwamba wamepungua. Anayeweza kumwambia mteja wa namna hiyo ukweli, na mteja akarudi tena, atashindwa na msomaji mwenye hasira? Maboksi? Nitumie boksi nikuonyeshe. Wadhamini: wa kwanza mwalimu wake, wa pili amekuandika wewe. Na ameshatuma maombi. Hakungoja ruhusa ya mjomba.

Sasa nikuulize yangu, maana mimi niliishia darasa la sita lakini macho yangu hayakuishia huko. Miaka yote unaniandikia kwenye karatasi ya maktaba, yenye ile nembo ya kitabu kilichofunguka. Ninazo zote, na wateja wakija nazitoa wazione. Hii imekuja kwenye karatasi ya daftari la shule. Miaka yote unamalizia "Profesa" kwa mkia mrefu. Hii imeandikwa "mdogo wako" tu, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Na tangu lini wewe ukawa juu ya paa Jumanne asubuhi, siku ya kazi?

Nitakwambia ninachonusa. Wifi yangu ana mtoto wa dada yake, yule mwenye makucha marefu. Nafasi hiyo mmemwekea yeye. Ndiyo maana mpwa wako aende hospitali, aende benki, aende popote bora asije hapo. Damu nzito kuliko maji, tulifundishwa, lakini naona huko kwenu maji yameanza kuganda.

Nijibu ndiyo au hapana.

Mama Kasuku

2 Mei

Dada,

Hapana.

Yule mwenye makucha ana saluni yake na wasichana wanaomfanyia kazi. Maktaba hajaingia hata kujificha mvua. Wifi yako aliisoma barua yako kabla yangu, kwa hiyo salamu zake leo ni fupi.

Karatasi za nembo zimekwisha. Ndiyo sababu.

Nasikia Kasuku ameitwa kwenye usaili tarehe 27. Basi, kama anakuja, aje amejiandaa. Msomee haya. Watampa kitoroli cha vitabu vilivyochanganywa, avipange kwa namba za mgongoni. Asikimbilie, wanatazama kama mtu anarudi kukagua kazi yake. Kisha mmoja wao atajifanya msomaji, atasema, "Nataka kile kitabu chekundu, nilikiona hapa mwaka juzi." Asicheke. Na asijibu "hakipo." Amwulize kilihusu nini, anakitaka kwa shughuli gani, mpaka yule mtu mwenyewe agundue anachotafuta. Wengi wenye vyeti vizuri huangukia hapo. Kwenye kompyuta sina la kumfundisha.

Mambo mawili ya mwisho. Kwangu hapatamfaa kulala, nyumba iko kwenye marekebisho; kuna nyumba ya wageni karibu na kituo cha mabasi, ni safi. Na akinikuta pale maktaba, asiniite mjomba mbele za watu. Asinisalimu kabisa. Ni kwa faida yake.

Mdogo wako

10 Mei

Wewe mtoto wa mama yangu,

Leo salamu nitaziweka mwisho, kama zitapata pa kukaa.

Toka lini mpwa akalala kwa watu baki na mjomba yu hai? Marekebisho gani? Paa uliliziba Machi! Mwongo anatakiwa awe na kumbukumbu, na wewe kumbukumbu ndiyo kazi yako, kwa hiyo nikiona unasahau naingiwa na baridi. "Asinisalimu." Unamwonea haya nani? Sisi?

Nimeligeuza jambo hili kila upande kama kitambaa kisichojulikana mbele na nyuma. Una mwanamke hapo kazini? Umegombana na wakubwa? Umeiba kitabu? Sema. Kama umeiba kitabu, nitawaambia ulikuwa hujamaliza kukisoma.

Mtaa mzima nimeshawaambia kwamba ndugu yangu ni mkubwa wa maktaba na binti yangu anakwenda kukaa naye meza moja. Fundi viatu wa hapa jirani siku hizi ananiita Mama Maktaba. Nami naitika! Usije ukanivua nguo sokoni.

Anakuja. Nimemshonea koti la kijani, vifungo nimevifunika kwa kitambaa kilekile, hakuna jicho litakalomkosa. Hatakusalimu, kama ulivyotaka. Lakini atakutazama, na akirudi nitamwuliza ameona nini.

Wifi msalimie, kwa urefu uleule alionipimia.

Mama Kasuku

3 Juni

Profesa,

Sisi wazima, kama huu ni uzima.

Amerudi. Nilipolifungua begi nikalitazama koti. Lina mkunjo wa kukunjwa, basi. Mtu aliyekaa mbele ya wasaili koti hujikunja mgongoni na viwikoni. Mimi ni fundi, nguo huniambia. "Vipi?" nikamwuliza. "Salama." Kasuku anajibu neno moja! Nikamwacha ale. Nikamwacha alale. Asubuhi nikampa vifungo ashone, maana mkono ukiwa na kazi mdomo hujisahau. Wapi! Mwisho nikasema, "Basi ni mjomba wako. Amekuharibia." Akatupa shati chini. "Mama, nyamaza! Hujui!" Tangu nimzae hajawahi kuniambia ninyamaze.

Nikanyamaza. Ndipo akasema.

Alifika getini mapema, akachungulia ukumbini penye benchi la waombaji. Vijana watupu, na katikati yao wewe. Umevaa suti ya harusi yako, umebana bahasha kwa magoti, umebandikwa namba kifuani kama wenzako. Hukuwa upande wa kuuliza, ulikuwa upande wa kuulizwa. Akageuka, akavua koti, akaenda kituoni kungoja basi la kurudi.

Nikamwambia, "Umefananisha." Akasema, "Mama, alikuwa anajifuta jasho kwa tai." Hapo nikajua ni wewe.

Wamekufanya nini, mdogo wangu? Sitaki karatasi ya nembo. Andika hata kwenye ganda la kiberiti, lakini andika yote.

Dada yako

15 Juni

Dada,

Nilimwona. Koti la kijani lilisimama getini, kisha halikuwepo. Wakaliita jina lake, wakaliita tena, wakapita kwa anayefuata. Miguu ninayo, ningeweza kumkimbilia. Nilikaa.

Utaratibu umebadilika. Kila anayekaa meza ya wasomaji lazima awe na cheti cha kazi hiyo. Sina. Niliingia pale mlinzi, unakumbuka. Nikawa nasoma, nikawa naelekeza watu rafu, mkuu wa wakati ule akaniita ndani akaniketisha, na hakuna aliyeuliza tena. Nyumbani mkaniita Profesa, nami nikaitika. Jina tamu halikataliki. Desemba wakatwambia tusio na vyeti mwisho wetu ni mwaka mpya. Nafasi iliyotangazwa ni yangu, Dada. Wakasema naweza kuiomba kama mtu yeyote, kwa kuwa uzoefu wa miaka mingi nao unahesabiwa mahali pa cheti. Sikumwekea mtoto wa mtu. Nilijiwekea mimi. Kwa hiyo pua yako haikukosea harufu, ilikosea chungu tu.

Sikia yaliyotokea ndani. Kitoroli nilikipanga vizuri. Swali la kitabu chekundu nilicheka, maana nililitunga mimi mwenyewe kwa usaili wa miaka ya nyuma. Kisha wakaniweka mbele ya kompyuta, niorodheshe kitabu kimoja. Nikabonyeza, kikapotea. Nikabonyeza tena ili kirudi, kikapotea na kingine. Kijana aliyekuwa ananiuliza ni yule niliyekuwa namwazima vitabu akiwa bado na kaptula; aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Hakuwa na kosa, Dada. Kazi yenyewe sasa iko humo, na mimi nimejaribu tangu Januari, kwenye kompyuta za kulipia, haiingii.

Hawakumpata mtu. Walioweza kompyuta walimjibu yule msomaji "hakipo." Wametangaza upya, mwisho tarehe 30. Mimi siombi tena, sitaki. Mlete yeye. Nyumba haina marekebisho yoyote.

Mdogo wako

22 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikashona pazia zima juu chini, nikalifumua.

Kwamba uliingia mlinzi nilijua. Nani alikupunguzia ile suruali ya sare? Nilidhani katikati walikupeleka shule. Hukusema, nami sikuuliza, nilikuwa na haraka ya kukusifu.

Kasuku amekataa. "Siwezi kukalia kiti cha mjomba." Nikamwambia mjomba hakikalii tena. Akanigeukia: "Na wewe utasema nini mtaani?" Amenigusa penye jipu. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi viatu, kabla moyo haujapoa, nikamwambia: ndugu yangu wamemwondoa kwa kukosa cheti. Akasema, "Aa! Mimi nilidhani jengo ni lake." Nikamwambia, "Endelea na kisigino chako." Basi. Sikufa.

Sasa nina shaka moja, na hii usiikwepe. Umeandika "sitaki." Nakujua tangu ukiwa unatambaa. Mkate ukibaki kipande, ulikuwa unasema umeshiba huku unaufuata kwa macho mpaka mdomoni mwa mwenzio. Kwa hiyo sema vizuri. Kama kompyuta hiyo unaweza kuijifunza, ijifunze uombe, na huyu nitamfungia ndani kwa ufunguo, nakuapia, ingawa ni binti yangu na ana stashahada na ni wa pili darasa zima. Siwezi kula furaha iliyotoka kinywani mwako. Lakini kama huwezi, andika "siwezi." "Sitaki" siipokei.

Ukiandika hivyo, nitamleta mimi mwenyewe, nitaweka kiti getini, na atakayetoka kabla hajaitwa atanipita mimi kwanza.

Dada yako

26 Juni

Dada,

Siwezi.

Maombi ayatume leo hii kwa simu. Mje mkae kwetu. Wifi yako anasema uje na sindano, mapazia yetu ni aibu.

Mdogo wako

19 Agosti

Dada mpendwa,

Natumaini ulifika salama na goti halikukusumbua kwenye basi. Wifi yako anayafungua mapazia na kuyafunga hata pasipo jua. Salamu zake leo ni ndefu, ameandika karatasi yake mwenyewe, imo humu ndani. Shemeji mwambie sigara zikimshinda aseme tu. Nyumba yetu imeshazoea ukweli.

Mlinzi wa geti ananiuliza kila nikipita kama yule mama mwenye kiti atarudi. Anasema siku ile ya usaili hakuna mwombaji aliyethubutu hata kwenda chooni.

Matokeo Kasuku alikupigia, nasi tulisikia vigelegele mpaka laini ikakatika. Safari hii mtandao ulikuwa mbaya kweli. Mimi nimepata kibarua cha kupanga ghala la duka la vifaa vya ujenzi. Misumari nayo ina namba, na hakuna atakayeniomba mwekundu wa mwaka juzi. Naanza Jumatatu. Usiwaambie huko kwamba mimi ni mkurugenzi.

Leo ilikuwa siku ya kwanza ya Kasuku kazini. Asubuhi nilimsikia akifunga mlango polepole, kama mtu anayemwibia mwenye nyumba. Nimeshinda uani naziba pasipovuja. Jioni akaingia, akavua viatu, akaketi na mkoba mapajani, kimya. Kasuku! Nikamwuliza kama mtu asiyejali, "Wamekupa meza ipi?"

Akaushika mkoba. "Ya dirishani, mjomba."

Yangu. Nikaona nimwambie kitu cha kazi. Nikamwambia, "Droo ya chini huwa inakwama. Usiivute. Inyanyue kwanza, ndipo uvute."

Akatia mkono kwenye mkoba, akatoa kishikio cha droo kilichong'oka, akakiweka mezani kati yetu. "Ungeniambia jana."

Tulicheka mpaka wifi yako akatoka jikoni kutazama nani amepatwa na nini. Kesho asubuhi nitamsindikiza na bisibisi. Nitapitia mlango wa wasomaji.

Mengine usiniulize, Dada.

Mdogo wako